Jembe, Nyumba na Mafiga Matatu: Mpiga Kura wa Vwawa na Historia ya Kuchagua

Mwezi wa nane kahawa ikiwa imeiva kwenye miteremko ya Mbozi, Vwawa huwa na kazi ya kuchagua. Kwenye vichanja akina mama na watoto hugeuza punje zilizolowa na kutoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Mwaka ukiwa wa uchaguzi mkuu, gari la matangazo hupita barabara ya Tunduma likiita watu mkutanoni. Mikono haiachi punje. Kinachobadilika ni maneno: huyu tuliyempa kura alirudi mara ngapi? Barabara ya kata yetu aliisemea? Tulipomlaumu, alisikiliza au alinuna?

Maswali hayo yana historia ndefu, na naamini mtu asiyeijua hatamwelewa mpiga kura wa mkoa huu wa Songwe hata akihesabu kura zake zote.

Swali la nini kinachomwongoza mpiga kura, Wamarekani walilichimba mapema. Mwaka 1940 Paul Lazarsfeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walikwenda Erie, wilaya moja ya jimbo la Ohio, wakawahoji watu walewale mwezi baada ya mwezi mpaka siku ya kura. Walitaka kujua redio na magazeti yanageuza mioyo mingapi. Wakakuta ni michache mno. Wengi walifuata familia, marafiki na majirani. Miaka 20 baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba Mmarekani hukipenda chama tangu utotoni, akikipokea kwa wazazi wake kama anavyopokea dini.

Habari ya majirani inaingia Vwawa bila kubisha hodi. Habari ya chama cha kurithi ndiyo inayokwama mlangoni, kwa sababu kwa karibu miaka 30 hapa hapakuwa na chama cha pili ambacho mzazi angeweza kumwachia mwanawe.

Kura ya kwanza ya Watanganyika ilikuwa ya wachache. Mwaka 1958 na 1959 ilibidi mtu awe na kipato, elimu au wadhifa uliotajwa na sheria ndipo aandikishwe, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU ilikaribia kuisusia kura hiyo ya mseto. Mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 ndio ulioamua kuingia, na ukaamua pia kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali uhuru. Wapiga kura wa Nyanda za Juu Kusini, ambako Mbozi ilikuwamo, walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria Lady Marion Chesham, mkulima aliyezaliwa Marekani. Mpiga kura Mwafrika alimtia alama mama wa Kizungu kwa sababu TANU ilimwambia huyu ni wetu. Hapo chama kilikuwa kila kitu. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 vilikwisha kupatikana bila kupingwa. Mwaka 1962 Zuberi Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere wa TANU, akapata kura elfu 21 na ushei mbele ya zaidi ya milioni 1.1.

Ushindi wa namna hiyo ulileta swali: ikiwa mgombea wa TANU anashinda kila mahali, mwananchi anachagua nini? Jibu lilikuja mwaka 1965, na kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na wawili hao wakaongozana kutoka mkutano hadi mkutano. Kampeni ilikuwa kwa Kiswahili tu. Kutaja kabila, rangi au dini kulikatazwa, na hakuna aliyeruhusiwa kujigamba kwamba Nyerere yuko upande wake. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Alama hizo hazikukaa kimya. Mwenye jembe alisema jembe ndilo linalolisha. Mwenye nyumba akajibu kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani.

Fikiria mkulima Mnyiha wa Mbozi akiwa na karatasi hiyo mkononi. Chama ni kilekile, ilani ni ileile. Kilichobaki cha kupima ni mtu: tabia yake, maneno yake, alivyokaa na watu. Na watu walipima kwelikweli. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na jina kubwa la ushirika wa pamba, aliangushwa Mwanza. Uhuru wa mpiga kura ulikuwa na ukuta, kwa maana wawili wale walikwisha kuchujwa juu, na kwenye urais palikuwa na jina moja tu. Lakini ndani ya ukuta huo kizazi kizima kilijifunza kumwondoa mbunge bila kukikana chama.

Mahali pa kujifunzia palikuwa karibu na nyumbani. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kafiwa na nani anadaiwa, na kwake habari za chama zilishuka na manung'uniko yakapanda. Kwa mkulima wa kahawa palikuwa pia mezani pa kuuzia mazao. Serikali ilipovivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, swali la nani anatusemea kuhusu bei liliingia kwenye kila kaya yenye mibuni.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, takribani watu 80 kati ya kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo, navyo vikarudi mwaka 1992. Mei Mosi ya 1995 Nyerere alisimama Mbeya, mkoa ambao Vwawa ilikuwamo wakati huo, akawaeleza wananchi sifa za mtu wa kumpa nchi. Katika mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, mwalimu yule bado alikuwa anafundisha kumpima mtu.

Vyama navyo vilitaka kura ya chama. CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikuja na wito wa mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wa chama kimoja, chungu kisije kikainama. Ukaja pia mchele, khanga na fulana. Sheria iliyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa namna hiyo kwa wapiga kura, ilikaa hadi mwaka 2006, Mahakama Kuu ilipoibatilisha.

Hesabu ya 2015 inaonyesha mafiga yalivyotawanyika upande huu. Vwawa, ikiwa jimbo kwa mara ya kwanza, ilimchagua Japhet Hasunga wa CCM. Majirani zake watatu walikwenda CHADEMA: Mbozi kwa Pascal Haonga, Tunduma kwa Frank Mwakajoka, Momba kwa David Silinde. Miezi michache baadaye wote walikuwa mkoa mmoja mpya wa Songwe. Tunduma ni mji wa mpakani, wa madereva na wafanyabiashara ambao hoja yao ni ushuru na foleni. Vwawa ni makao ya ofisi na soko la wakulima. Mwaka 2020 Silinde aliingia bungeni tena, safari hii kwa Tunduma na kwa tiketi ya CCM, katika uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake. Kama ni mtu aliyefuatwa au ni chama kilichobeba, kura peke yake haisemi.

Wazee wangesema. Waliotia alama ya jembe au nyumba mwaka 1965 sasa wamepita miaka 80, na kila msimu wa kahawa wanapungua. Waulizwe mapema, kwa Kinyiha au Kiswahili, kinasa sauti kikiwa wazi: ulitia alama wapi, na usiku wa kuamkia kura ulikuwa umekaa na nani?