Mwanya si Pengo: Istilahi ya Plagi kutoka Ufukwe wa Dunga

Injini ya mashua ikianza kukohoa Dunga, pembeni mwa jiji la Kisumu, kitu cha kwanza kutafutwa ni spana ya plagi. Mashua zinazowapeleka wageni kutazama viboko kandokando ya mafunjo hutembea taratibu kwa muda mrefu. Nyingi zinasukumwa na injini ndogo za Yamaha, na zile za mipigo miwili huunguza petroli iliyochanganywa na oili. Plagi ikifunguliwa baada ya safari za namna hiyo huwa nyeusi, ina utelezi wa mafuta, na ule uwazi mwembamba kwenye ncha yake umeanza kuzibwa na masizi. Makala haya yanahusu uwazi huo, na jina linaloustahili.

Kifaa chenyewe kina jina tayari. Fundi wa Kisumu, wa Mwanza na wa Mombasa wote husema plagi, na asiyetaka ichanganywe na plagi ya ukutani huongeza: plagi ya cheche. Mkopo huo wa Kiingereza una maana ya kizibo, na kweli plagi huziba tundu la silinda ili mgandamizo usivuje. Wafaransa na Wajerumani walitazama upande wa pili wakaiita mshumaa. Ndiyo maana mafundi wa mashariki mwa Kongo, waliolelewa na Kifaransa, wana buji. Neno hilo la Kifaransa limetokana na Bougie, jina la zamani la mji wa bandari wa Béjaïa nchini Algeria, uliouza nta huko Ulaya.

Taabu iko kwenye uwazi. Gereji nyingi huuita gepu, na kazi inaendelea. Lakini anayetaka neno la Kiswahili hukutana na mawili, pengo na mwanya, na akichagua vibaya atakuwa amemfundisha mwanagenzi kinyume cha ukweli.

Mswahili ameyatofautisha maneno hayo kwa meno. Pengo ni mahali palipokuwa na jino na sasa hapana. Mtu akifa huacha pengo. Mchezaji akiumia, pengo lake huzibwa. Mwanya ni nafasi kati ya meno mawili ya mbele ambayo mtu amezaliwa nayo, nayo husifiwa kuwa urembo. Katika nchi ya Wajaluo tofauti hiyo inaonekana wazi kuliko kwingi: zamani vijana waling'olewa meno sita ya mbele ya chini kama alama ya kuingia utu uzima, na vinywani mwa wazee waliopitia desturi hiyo palibaki pengo hasa. Hakuna aliyepaita mwanya. Kwenye plagi hakuna kilichong'oka. Nafasi ile imewekwa kwa makusudi, kwa kipimo, na ikikosekana injini haiwaki. Basi ni mwanya wa plagi.

Kwa nini kipimo? Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu kwa maelfu, na umeme huo lazima uruke kutoka ncha ya kati hadi mkono wa pembeni. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuruka hutegemea umbali ukizidishwa kwa shinikizo la gesi. Hewa ya kawaida huhitaji takriban volti 3,000 kwa milimita moja; ndani ya silinda, mchanganyiko ukiwa umegandamizwa, zinatakiwa nyingi zaidi. Mwanya ukiwa mpana mno, gari litaenda vizuri kwenye tambarare ya Kisumu, kisha litaanza kumisi likipanda kuelekea Kericho, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Dereva akikanyaga mafuta hadi chini, silinda hujaa na shinikizo hupanda, na koili hushindwa kuurusha umeme. Ukiwa mwembamba mno, cheche hutoka lakini ni fupi, haigusi mchanganyiko wa kutosha, na chembe moja ya masizi yatosha kuunganisha ncha mbili.

Hapa kipande cha msumeno wa chuma kimeponza wengi. Unene wake ni karibu milimita 0.6, na kwa miaka mingi kilikuwa kipimo cha mfukoni cha kuaminika: Peugeot 504, gari lililotawala safari ndefu za Kenya enzi zake, lilitaka mwanya wa kiasi hichohicho. Toyota Probox inayobeba abiria leo, yenye injini ya 1NZ-FE, inataka milimita 1.1. Fundi anayeitegea Probox kwa msumeno ameipa zaidi kidogo tu ya nusu ya nafasi yake. Vipimo bapa vya chuma, vilivyoandikwa unene kila kimoja, si ghali. Tena mara nyingi jibu limeandikwa kwenye plagi yenyewe: BKR6E-11 ya NGK au K16R-U11 ya Denso, ile 11 ya mwisho ni milimita 1.1.

Kitenzi nacho kipo. Mswahili hutega saa, na kutega mwanya ni kazi ya namna ileile. Anayetega hukunja mkono wa pembeni peke yake. Kuupunguza mwanya, huugonga mkono huo polepole juu ya ubao. Kuupanua mwanya, huuvuta mkono bila kuegemea ncha ya kati wala kauri yake. Plagi za iridiamu zina ncha nyembamba inayovunjika upesi, afadhali zipimwe tu kwa waya, na yenye mwanya usiofaa irudishwe dukani.

Istilahi iliyobaki ndiyo ngumu zaidi: plagi ya moto na plagi ya baridi. Kwa kuwa neno letu moto ni joto na pia ni ndimi zinazowaka, mnunuzi hudhani plagi ya moto ina cheche kali. Sivyo. Jina linaeleza jinsi pua ya kauri inavyopoteza joto. Plagi inapaswa kufikia takriban nyuzi 450 ili iunguze masizi yake, na isivuke 850 hivi, isije ikawasha petroli kabla ya wakati. Ingekuwa wazi zaidi kuiita ile ya moto plagi ya kupoa polepole, na ile ya baridi plagi ya kupoa haraka. Na namba zake zinapotosha pia: kwa NGK na Denso, namba kubwa ni ya kupoa haraka, kwa Bosch na Champion ni kinyume.

Mwenye mashua wa Dunga anayechoshwa na masizi hushawishika kununua ya kupoa polepole. Itakaa safi wakati wa kuzunguka viboko, lakini jioni, mashua imejaa na injini imefunguliwa yote dhidi ya upepo, pistoni inaweza kutoboka. Namba iliyo kwenye kitabu cha injini ibaki ileile. Masizi yaondolewe kwa brashi ya waya, na mwanya utegwe upya.