Mkimbiaji Mmoja, Mbio za Aina Nyingi
Mfano bora wa mwanariadha aliyeonja mbio za aina mbalimbali ni Filbert Bayi wa Tanzania. Bayi alishinda mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe, mbinu ya kijasiri mno, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1975 alivunja rekodi ya maili moja mjini Kingston. Mwaka 1976 aliikosa Olimpiki kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Na mwaka 1980, mjini Moscow, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, yaani mbio zenye vizuizi visivyoanguka na dimbwi.