Kamera Ilimwona Dume, Uamuzi Ulikuwa wa Jike

Katika hifadhi ya Serengeti ni mambo machache yanayokusanya magari upesi kama simba wanaopandana. Dume anasimama juu ya jike, kinywa wazi na meno nje. Jike amejilaza kifudifudi akinguruma. Tendo halimalizi hata dakika moja. Kisha wote wawili hulala, na baada ya robo saa au zaidi kidogo huanza upya, usiku na mchana, kwa siku kadhaa. George Schaller, aliyewachunguza simba wa Serengeti kati ya mwaka 1966 na 1969, alihesabu dume mmoja aliyepanda mara 157 ndani ya saa 55, akiwa na majike wawili. Kwa mwendo huo, mpiga picha aliyeikosa picha saa tatu ataipata kabla ya saa tatu na nusu, na ndiyo maana picha hiyo imejaa kwenye vitabu, kalenda na simu za watalii. Hoja ya makala haya ni kwamba katika historia ndefu ya kuwachunguza wanyama na wadudu wakipandana, picha ya tendo lenyewe ndiyo iliyotufundisha machache zaidi. Maarifa yalipatikana katika yaliyolitangulia tendo na yaliyolifuata, na mara nyingi kwa kumtazama jike wakati ambao hakuna cha kupendeza kilichokuwa kikitendeka.

Kosa la kumtazama dume peke yake ni la zamani kuliko kamera. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba mapambo ya madume, yaani mikia mirefu, rangi kali na nyimbo, hayaelezeki kwa mapigano ya wao kwa wao tu; majike huchagua, na kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi wamewaumba madume walivyo. Nusu ya kwanza ya fikra hiyo, ile ya madume kupigana, ilikubaliwa bila shida. Nusu ya pili ilikataliwa na wengi, akiwemo Alfred Russel Wallace, mwenzake Darwin katika nadharia ya mageuzi, na ilikaa karibu karne nzima bila kupewa uzito. Sababu moja ni ya macho. Dume hupiga kelele, hucheza, hurukaruka, humwaga damu. Jike hupita, husimama, huondoka. Kwa mtazamaji mwenye darubini, wa kwanza anafanya jambo na wa pili hafanyi lolote. Kamera ilipoingia porini iliurithi upendeleo huo na kuukaza. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania na kuzitoa katika kitabu chake cha mwaka 1905, alitegemea mwako wa unga wa magnesi. Mwako mmoja, picha moja, na wanyama wametawanyika. Chombo cha namna hiyo kilifaa kwa tukio la ghafla, na hakikuweza kufuata uamuzi unaochukua siku tano au mwezi mzima.

Ushahidi uliobadili mambo ulitoka Kinangop, nyanda za juu za Kenya, na haukuhitaji picha hata moja ya ndege wakipandana. Huko anaishi ndege ambaye wataalamu humwita Euplectes progne. Dume wake, msimu wa kuzaana unapofika, huwa mweusi na kuota mkia wa takriban nusu mita, huku jike akibaki wa rangi ya majani makavu kama shomoro. Malte Andersson, mtafiti kutoka Sweden, aliwakamata madume 36. Baadhi aliwakata mkia ukabaki wa sentimita 14 hivi. Vipande alivyovikata akawabandika wengine kwa gundi, mikia yao ikarefuka kwa sentimita 25 hivi. Kundi jingine aliwakata kisha akawarudishia mkia uleule, ili isisemwe kwamba gundi au kushikwashikwa ndiko kulikoleta tofauti, na kundi la mwisho hakuligusa. Halafu akahesabu viota vipya katika eneo la kila dume. Waliorefushwa mkia walipata viota vingi zaidi. Waliokatwa hawakupoteza maeneo yao kwa madume wenzao, kwa hiyo mkia haukuwa silaha ya kupigania ardhi. Majike ndio waliokuwa wakiupima. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1982, miaka 111 baada ya kitabu cha Darwin, na kifaa kilichoyaleta kilikuwa mkasi na gundi.

Kisa cha Uganda kinaonyesha jinsi macho yanavyoweza kuona kweli na bado yakaona nusu. Kuanzia mwaka 1957 Helmut Buechner aliwachunguza kob, swala yule aliye katika nembo ya taifa la Uganda, katika hifadhi ya Toro. Alikuta madume wamekusanyika kwenye uwanja mmoja, kila mmoja akilinda duara la ardhi lenye upana wa mita 15 hadi 30 hivi, bila malisho ya maana ndani yake. Majike walikuja uwanjani kwa ajili ya kupandwa tu, na wengi waliwapita madume wa pembezoni wakaenda kwa wachache wa katikati. Kwa mpiga picha huo ni uwanja wa vita: pembe zinagongana, vumbi linapaa, mshindi anampanda jike. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba dume bora hushinda nafasi bora na jike hupokea matokeo. Lakini mwaka 1992 James Deutsch na Rory Nefdt walieleza jaribio ambalo hakuna lenzi ingelishuku. Walichukua udongo kutoka maeneo yaliyopendwa na majike wakauhamishia kwenye maeneo yaliyopuuzwa, na majike wakaufuata udongo. Wao waliona kwamba kinachovuta ni harufu ya majike waliotangulia, iliyobaki ardhini na mkojo wao. Maana yake ni kwamba swala jike anayefika uwanjani anasoma uamuzi wa wenzake kwa pua, huku watazamaji tukihesabu pembe.

Mtetezi wa kamera atasema naionea, na ana haki ya kusikilizwa. Bila picha tusingeona mambo ya haraka mno au madogo mno kwa jicho. Mfano wake mzuri ni kerengende wembamba wa vijitoni. Dume humshika jike shingoni kwa ncha ya mkia, jike hujipinda mpaka miili yao ikaunda umbo linalofanana na moyo, na hakuna mpenzi wa picha za wadudu asiyelitafuta umbo hilo. Mwaka 1979 Jonathan Waage wa Marekani alitangaza kilichokuwa kikifanyika ndani ya umbo hilo, na ni kweli alitumia picha za hadubini ya elektroni kukionyesha: kiungo cha dume kina vibanzi vinavyokwangua na kutoa mbegu za dume aliyetangulia, karibu zote, kabla ya kuingiza zake. Tuliloliona kama kukumbatiana lilikuwa, kwa sehemu kubwa ya muda wake, kazi ya kufuta baba mwingine. Nakubali kwamba picha ndiyo iliyothibitisha. Ila si picha ya kerengende wawili juu ya jani. Hiyo ilikuwapo miaka mingi na haikumwambia mtu lolote. Waage alihitaji kwanza kuuliza mbegu za nani zimo tumboni mwa jike kabla na baada ya tendo, kisha ndipo akajua hadubini aielekeze wapi.

Kuna huduma nyingine ya kamera ambayo naiona kubwa kuliko zote, na haina mvuto wowote wa kuuza kalenda. Ni picha ya uso. Mwaka 1970 Colin Pennycuick na Judith Rudnai walieleza kwamba vidoa vilivyo kwenye mizizi ya sharubu za simba hupangika kwa namna tofauti kwa kila simba, na vinatosha kumtambua mmoja mmoja maisha yake yote. Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa hifadhi ya Nairobi. Tangu hapo picha mbili za shavu, la kushoto na la kulia, pamoja na tarehe, ziligeuka kitambulisho. Vitambulisho vya aina hiyo ndivyo vilivyowawezesha watafiti wa Serengeti kujua nani ni mama wa nani, na dume gani aliingia kundini lini. Madume wageni wanapowafukuza wenyeji, watoto wachanga huuawa au hufa, na mama zao hurudi kwenye joto mapema. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, kama walivyoandika Craig Packer na Anne Pusey mwaka 1983, majike hupandana na wageni mara nyingi bila kushika mimba. Hebu tuiweke picha ya jike huyo kando ya picha ya jike aliye na madume aliowazoea. Mkao ni uleule, meno ni yaleyale, ngurumo ni ileile, na hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha. Tendo moja linazaa na jingine halizai, na tofauti yao imo kwenye daftari la miaka.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa: kwamba kuyachungulia mambo haya na kuyapiga picha ni kukosa haya, hata kama ni ya wanyama. Sidharau hisia hiyo. Jamii zetu zina adabu ya kutotaja kila kitu mbele ya kila mtu, na gari lililojaa watoto na wazee pamoja lina haki ya kupita bila kusimama. Lakini haya ikiingia kwenye daftari la mtafiti, gharama yake ni kubwa. George Murray Levick, daktari katika msafara wa Robert Falcon Scott wa kwenda Antaktika, aliwachunguza pengwini wa Adélie huko Cape Adare mwaka 1911 na 1912. Aliona madume wakiwalazimisha majike, na wengine wakipanda hata mizoga. Alishtuka kiasi cha kuandika baadhi ya maelezo kwa herufi za Kigiriki ili asisomwe na kila mtu. Ripoti yake ya mambo hayo ilichapwa mwaka 1915 nakala 100 tu, za kugawiwa wachache, na haikuwafikia wasomaji wa kawaida mpaka mwaka 2012. Karibu karne moja watu walimsifu pengwini kama kielelezo cha ndoa njema, na ushahidi ulikuwa umefungiwa kabatini.

Pingamizi zito zaidi ni la neno lenyewe, kuchagua. Je, hatumvishi mnyama akili ya binadamu? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba uchaguzi unaozungumziwa hapa hauhitaji mawazo. Unahitaji tu kwamba jike akiwekewa mawili, aelekee moja mara nyingi kuliko jingine. Hilo hupimwa. Peyton West na Packer walisimamisha Serengeti masanamu ya simba dume yenye manyoya ya shingo ya rangi na urefu tofauti, wakaandika mwaka 2002 kwamba majike waliyaendea zaidi yenye manyoya meusi, ilhali madume walijihadhari na yenye manyoya marefu. Sanamu halingurumi wala halitishi. Kilichobaki kuamua hatua za jike ni jike mwenyewe.

Siku hizi husemwa kwamba vipimo vya vinasaba vimemaliza mjadala, kwa sababu maabara itataja baba bila mtu kukesha porini. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa sokwe wa Taï, Ivory Coast, uliodai kwamba zaidi ya nusu ya watoto 13 waliopimwa walizaliwa na madume wa nje ya jamii yao, kwa majike waliokuwa wakitoroka kwa siri. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2001 watafiti wenyewe waliiondoa, baada ya vipimo vipya kuonyesha kwamba karibu baba wote walikuwa wa ndani. Maabara ilikuwa imekosea. Vinasaba ni shahidi mwenye nguvu, lakini hutaja baba tu bila kueleza kwa nini ni yeye, na asipokuwapo anayewajua wanyama kwa sura hata jina la kumpa baba huyo halipatikani.

Shahidi na daftari vilikutana vizuri zaidi katika Kreta ya Ngorongoro, kwa mnyama ambaye hadithi zetu hazijamtendea haki. Fisi madoa jike ana kiungo cha nje kinachofanana na cha dume, na ndiyo maana tangu kale watu walidai kwamba fisi ni dume na jike kwa pamoja. Umbile hilo lina matokeo: dume hawezi kumpanda jike asiyetaka. Tangu mwaka 1996 watafiti wamewatambua kwa madoa fisi wa koo zote nane za kreta, wakaandika nani kazaliwa lini na nani kahamia wapi, wakapima vinasaba vyao. Mwaka 2007 Oliver Höner na wenzake walitangaza walichokiona. Jike humpendelea dume aliyezaliwa au aliyeingia katika ukoo baada ya yeye kuzaliwa. Kwa kanuni hiyo nyepesi hukwepa kuzaa na baba yake au kaka zake wakubwa, bila kulazimika kujua ni akina nani. Majike vijana, ambao hawajaona madume wengi wakiingia, ndio wenye mlango finyu zaidi, na mlango huo humfungukia mgeni. Basi fisi dume anapokua huzunguka koo za jirani na mara nyingi hujiunga na ile yenye majike vijana wengi. Kwa miaka mingi wataalamu walieleza kuhama kwa madume vijana kwa kutaja ugomvi wa madume wenzao au uhaba wa chakula. Ngorongoro hawafukuzwi na yeyote. Wanakwenda walikokwisha kupewa nafasi na kanuni ya majike.