Maji ya Pepo

Mwezi uliopita niliokota, katika ukumbi wa jengo letu hapa Berea, Johannesburg, kijarida kilichoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa mitaa hii, nacho kikatuarifu kwa herufi nene kwamba mifumo ikolojia ya "maji safi" imechafuliwa mno na majitaka. Nikakisoma mara tatu, nikidhani macho yangu, yasiyo na ujana tena, yamenihadaa. Nilimwonyesha jirani yangu, mama wa Uvira auzaye ndagala wakavu sokoni Yeoville, naye akaniuliza kwa upole, "Mzee, hii mayi ni safi wapi?"

Mto uliokusudiwa ni Jukskei, ambao chimbuko lake limefunikwa na zege upande wa Ellis Park, mwendo wa miguu tu kutoka mlangoni petu. Nao hupita Alexandra, ambako mvua za radi za Desemba na Januari huufurisha hata ukaingia majumbani mwa watu, kisha, ukiwa umekwisha kuingia mto Crocodile, huzishusha taka za mji katika bwawa la Hartbeespoort, nazo zikayarutubisha magugumaji yakautanda uso wa bwawa. Maji hayo hayana chumvi, lakini usafi hayana abadani. Na waheshimiwa wa kamati za istilahi, ambao siwataji, wameshindwa kuyatenga mambo hayo mawili.

Yuko pia ustadhi mmoja ashikiliaye "maji baridi" kuwa jina la maji yasiyo na chumvi, na nakiri kuwa mabwana samaki wa Tanzania huyatumia. Lakini na asafiri mpaka Bela-Bela, kaskazini ya hapa, ambako maji yasiyo ya bahari hububujika yakitoka moshi, akayaite baridi akiwa ameyatumbukiza mguu. "Maji matamu" nayo ni ya asili, ila watoto wa siku hizi hudhani ni soda.

Mimi nasimama na maji ya pepo, kama walivyosema mabaharia wetu walipojaza mapipa kabla ya kutweka tanga, na kama zilivyosajili kamusi kongwe za pwani. Neno hili ni la ukoo mpana: upepo uvumao, pepeo la kupunga, kupepea, kupepeta mchele ungoni, kipepeo na mbawa zake, hata Peponi, mahali pa raha na ubaridi wa nafsi, basi maji ya pepo ni maji yaburudishayo moyo wa mwenye kiu, maana ambayo hayategemei kipimo cha joto wala cheti cha maabara. Nilipoyaandika haya kwa kamati moja, nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba wasomaji watadhani ni maji ya mashetani. Ajabu! Watu hao hao husema pepopunda hospitalini, wala hapana atafutaye mganga wa ngoma. Barua yangu ya pili, yenye kurasa 11, haijajibiwa hata leo.

Na madhali nimekwisha kukasirika, niongeze kwamba "huduma za mfumo ikolojia" humfanya mto karani aliyeketi dirishani akigonga mihuri. Samaki, kinywaji, matete ya kuezekea na rutuba ya mabondeni ni neema za maji, na neno neema tunalo tangu kale.

Matumizi ya neno maji ya pepo ni mepesi: ziwa la maji ya pepo, samaki wa maji ya pepo, viumbe wa maji ya pepo. Mtu aweza kusema kwamba katika Ziwa Victoria maji ya pepo yalipanda zaidi ya mita 2 kwa mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba sangara, aliyepandikizwa na binadamu katika miaka ya 1950, aliwala furu wengi wa maji hayo ya pepo, asijikwae hata mara moja. Mama wa Uvira amekwisha kulitwaa. Jana nimemsikia akimnadia mteja ndagala wake wa mayi ya pepo, na mteja hakuogopa shetani, aliogopa bei.