Vioo vya Datsun Z: vilivyotoka kwenye madigadi vikahamia mlangoni

Leo naiacha tarakilishi ipumzike kidogo, tuzungumze magari. Wale wanaokuja hapa kwa ajili ya hifadhidata na programu wanivumilie, tutarudi huko wiki ijayo.

Nikiwa shule ya msingi, binamu yangu alikuwa na PS2 na sidii ya mchezo wa Gran Turismo. Humo ndimo nilimoiona mara ya kwanza Nissan Fairlady Z ya mwaka 1969, gari la spoti lenye boneti ndefu, na dereva amekaa nyuma karibu na magurudumu ya nyuma. Kilichonishangaza ni vioo vya pembeni. Havikuwa mlangoni! Vilisimama huko mbele juu ya madigadi, kama pembe za konokono. Nikamwambia binamu kwamba waliotengeneza mchezo wamekosea, hii ni hitilafu ya programu. Yeye akasema ni urembo tu. Tulikuwa wajinga wote wawili.

Jibu nilikuja kulipata miaka mingi baadaye, na majuzi limenirudia kwa sababu ya jirani yangu na Prado yake (nitafika huko, msiwe na haraka).

Tuanze mwanzo. Kioo cha kuangalia nyuma hakikuzaliwa pamoja na gari. Mwaka 1909 Mwingereza Dorothy Levitt, dereva wa mashindano, alitoa kitabu cha kuwafundisha wanawake kuendesha gari. Humo aliwashauri wabebe kioo kidogo cha mkononi, kile kile cha kujitazama uso, wakiinue mara kwa mara waone nani anawafuata. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, Ray Harroun alishinda mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Marekani, akiwa na gari la Marmon Wasp lenye kiti kimoja. Wenzake walibeba fundi wa kukaa kando na kuangalia nyuma, yeye hakuwa naye. Walipolalamika kwamba ni hatari, akafunga kioo juu ya dashibodi. Alimaliza kwa wastani wa kilomita 120 hivi kwa saa. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba kioo kilitetemeka sana juu ya barabara ile ya matofali hata hakuona kitu. Kwa hiyo kioo kinachosifiwa sana katika historia ya magari kilikuwa kimewekwa ili kuwanyamazisha walalamikaji. Sisi tunaoandika programu tunaijua kazi ya namna hiyo.

Sasa twende Japani. Baada ya vita nchi ile ilijiandikia kanuni za usalama wa magari, na kwa miongo kadhaa kanuni hizo zilitaka vioo vya nje viwe mbele, mahali ambapo dereva anaviona kupitia kioo kikubwa cha mbele bila kugeuza shingo. Ndiyo maana karibu kila gari la Kijapani la miaka ya 1960 na 1970 lililouzwa nyumbani kwao lilikuwa na vioo juu ya madigadi, liwe la mizigo, la familia au la spoti. Toyota 2000GT, moja ya magari mazuri kuliko yote yaliyowahi kutoka Japani, ilikuwa nazo pembe hizo hizo.

Nissan walipoitoa Z mwishoni mwa mwaka 1969 walikuwa na magari mawili katika umbo moja. La nyumbani liliitwa Fairlady Z, lina injini ya silinda sita isiyovuka lita 2, kwa sababu ukivuka hapo kodi ya Japani ilikukaba koo. La kwenda nje liliitwa Datsun 240Z, lina injini ya lita 2.4. Jina la Fairlady lilimkera Yutaka Katayama, aliyekuwa akiiongoza Nissan huko Marekani, akahakikisha halibandikwi kwenye magari ya soko lake. Na vioo navyo vikagawanyika hivyo hivyo: la nyumbani lilivaa vioo vyenye umbo la risasi juu ya madigadi, la Marekani likapewa kioo mlangoni upande wa dereva. Chuma ni kile kile, kiwanda ni kile kile. Ukitaka kujua Z fulani ilitengenezewa nani, sheria imeandikwa mwilini mwake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuliongelea gari hili. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kuwa fahari ya Kenya, akashinda tena na Lofty Drews kwa gari hilo hilo. Ulikuwa mwanzo wa ushindi wake mara tano. Baba yangu hakumiliki Z, alikuwa na pikapu ya Datsun 1200, lakini ukimsikiliza utadhani ni gari moja.

Sasa swali la mtu wa sayansi ya kompyuta: kati ya mbele na mlangoni, wapi ni bora? Nilichukua karatasi nikachora. Tuseme dereva amekaa upande wa kulia, kama Japani na kama sisi. Kioo cha mlangoni kiko kama sentimita 60 mbele ya jicho lake, cha kwenye madigadi kiko kama mita 1.6. Ukipiga hesabu ya pembe, kioo cha mlango wa kulia kinadai ugeuke digrii 40 hivi kutoka mbele, na cha kushoto zaidi ya digrii 60. Kutoka kioo kimoja hadi kingine ni mwendo wa digrii mia na ushei. Vya kwenye madigadi vinadai digrii 14 kulia na kama 35 kushoto, jumla haifiki 50. Yaani Mjapani aliyeandika kanuni ile hakuwa mjinga. Macho yanakaa karibu na barabara, na katika vichochoro vyembamba vya Tokyo, ambako mtoto au baiskeli inaweza kuchomoka wakati wowote, nusu sekunde ya shingo si kitu kidogo.

Lakini hesabu hiyo hiyo inageuka na kukuuma. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 12 kikiwa sentimita 60 kutoka jichoni kinakuonyesha uwanda wa digrii 11 hivi. Kipeleke mita 1.6 mbele, unabaki na digrii 4 tu, ni kama kuchungulia kwenye tundu la kufuli. Dawa ni kukibinua kioo kama mgongo wa kijiko ili kikusanye eneo kubwa, na bei ya dawa hiyo ni kwamba kila kitu kinaonekana kidogo na cha mbali. Lori lililo nyuma yako linakuwa kama kibiriti. (Wamarekani wana onyo linaloandikwa kwenye kioo chao cha abiria, kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Sababu ni hii hii.) Isitoshe, mvua ikivichafua, au mtu akivisukuma, hufiki na mkono. Unashuka unarekebisha kimoja, unarudi kukaa, unaona bado, unashuka tena. Watengenezaji wa Japani wakaishia kuweka vioo vya kuzungushwa kwa umeme kutoka ndani.

Vijana wa Japani hawakujali digrii. Walitaka magari yao yafanane na yale ya Ulaya na Marekani, wakawa wanahamisha vioo kwenda mlangoni kinyume cha sheria, na polisi wanawasimamisha. Wakati huohuo wauzaji wa magari ya nje walilalamika kwamba kanuni za Japani ni ukuta wa kuwazuia wasifanye biashara. Mwaka 1983 kanuni ikalegezwa. Nissan Pulsar EXA ikawa gari la kwanza la Kijapani kupitishwa na vioo vya mlangoni, na katika muda mfupi pembe za konokono zikaanza kutoweka kwenye magari mapya. Mimi naona hapa kanuni nzuri ilishindwa na mitindo na biashara. Mtaniambia vioo vya mlangoni vinaonyesha vizuri zaidi, na ni kweli. Ila hakuna aliyeshinda hoja ya shingo, iliachwa tu njiani.

Kilichofuata ni mfano mzuri wa jinsi kurekebisha kitu kimoja kunavyozaa kazi nyingine. Vioo vilipohamia mlangoni vilijitokeza nje, na maegesho ya Japani ni ya kubana. Mwaka 1984 Nissan Laurel ikaja na vioo vya kujikunja kwa umeme. Kile kitufe unachobonyeza kwenye gari lako lililotoka Japani, vioo vikakunja masikio, kimetoka kwenye mkasa huu. Hapa kwetu kimepata kazi ya ziada: ukisimama kwenye foleni unakunja vioo visije vikang'olewa na wezi. Mimi nimeng'olewa kimoja mchana kweupe, na kilikuwa kimechongwa namba ya gari.

Turudi kwenye Z, maana kuna watu hadi leo wanashika drili. Mwenye Fairlady anayetaka vioo vya mlangoni ana kazi mbili, na ngumu si ile anayoifikiria. Kutoboa mlango ni dakika chache: unavua ubao wa ndani wa mlango, unateremsha kioo cha dirisha uone kinapopita ili skrubu zisikikwaruze, unapima mara tatu ukiwa umekaa kwenye kiti chako mwenyewe (si umesimama nje!), unatoboa, na kwa ndani unaweka kipande cha bati la kushikilia, kwa sababu ngozi ya mlango wa Z ni nyembamba na kioo kitatetemeka kama cha Harroun. Kingo za matundu unazipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga mpira na kioo. Ukiruka hatua hiyo, maji yataingia, na kutu kwenye Z za kale haihitaji kualikwa.

Kazi ngumu ni matundu yaliyobaki kwenye madigadi. Fundi mvivu atapachika puti na kupiga rangi, baada ya misimu miwili ya mvua puti inavimba na kuanguka. Fundi wa kweli atachomelea kipande cha bati kidogo kidogo asipinde madigadi kwa moto, atasaga, halafu rangi. Bahati nzuri madigadi ya mbele ya Z yamefungwa kwa bolti, hayajachomelewa. Ukipata mengine yasiyotobolewa, unayafunga hayo na ya asili unayafunika blanketi na kuyahifadhi na vioo vyake. Huu ndio ushauri wangu kwa yeyote mwenye Fairlady halisi, maana tundu halirudi nyuma. Hakuna kitufe cha kutengua.

Na hapa inachekesha: Marekani sasa kuna wenye 240Z, ambayo haikuwahi kuwa na pembe hizo, wanaoagiza vioo vya madigadi kutoka Japani na kutoboa madigadi mazima ili gari lifanane na Fairlady. Kilichomletea kijana wa Yokohama faini mwaka 1980 ni kukataa kile ambacho mwenzake wa California leo anakilipia.

Japani kwenyewe havijafa. Teksi zimeshikilia: JPN Taxi ya Toyota iliyotoka mwaka 2017 ilikuja na vioo juu ya madigadi. Mbali na suala la shingo, madereva husema ukiwa na abiria kiti cha mbele, kutazama kioo cha mlangoni kunafanana na kumkodolea macho. Mwaka 2016 nchi hiyo iliruhusu kamera badala ya vioo, na mwaka 2018 Lexus ES ikauzwa huko na skrini mbili ndani ya gari. Macho yamerudishwa ndani kwa njia nyingine.

Sasa Prado ya jirani. Mmeona kile kioo kidogo cha ajabu kwenye kona ya mbele kushoto ya Prado na X-Trail zilizotoka Japani? Wengi hudhani ni cha kuegesha. Kanuni ya Japani inataka dereva wa gari aweze kuona nguzo ya urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 30 iliyosimama karibu na gari, mbele au upande wa kushoto. Nguzo hiyo ni mtoto mdogo. Gari likiwa refu kwenda juu, dereva hamwoni, ndipo kinawekwa kioo.

Cha jirani yangu kilivunjikia langoni. Ni mzee mstaafu, anajua mimi hupenda mambo haya, akaniita: "Kijana, fundi anasema tukitoe tuzibe na puti, si kinaharibu sura tu?" Nikamwambia, "Mzee, ngoja kwanza." Nikachukua ndoo mbili, nikaziweka moja juu ya nyingine mbele ya gurudumu la kushoto, zikafika kama kimo cha mjukuu wake. Nikamwomba apande akae kwenye usukani, aniambie anaona nini. Alitazama, akainuka kidogo, akanyoosha shingo. Hakuona ndoo.

Jumamosi tulikwenda wote Kirinyaga Road kutafuta kioo kingine. Tulikipata duka la tatu, bei yake tulibishana hadi saa saba.