Fahamu: Mtoto wa Kisukuma na lugha ya darasani

Mtoto wa Itilima au Meatu anayeanza shule anaweza kukutana na mambo mawili mapya siku moja: darasa, na Kiswahili. Kwao wanaongea Kisukuma. Mwalimu akisema "kaeni chini" naye akabaki amesimama, anaonekana mzito wa kuelewa. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tunawapoteza wengi.

Mkoa wetu umewahi kujaribu dawa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza na kuanza mwaka 2014, ulifika Simiyu. Ulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule, wiki zisizozidi 16, kwa watoto waliokosa elimu ya awali. Jamii ilichagua mtu wake wa kufundisha. Hakuhitaji kuwa mwalimu wa cheti. Alisimulia hadithi na kucheza nao, wakazoea Kiswahili kidogo kidogo.

Desemba 2021 serikali ilizindua PJT-MMMAM, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto hadi miaka 8. Inataja afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na "malezi yenye mwitikio". Hilo la mwisho ni neno la ofisini: mtoto akiuliza, mjibu. Kisukuma kinatosha kabisa, hata mkiwa shambani mnachuma pamba.

Kijiji kinachotaka kituo cha kulelea watoto mchana kianzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kituo husajiliwa kwanza, watoto baadaye.