Vaskulaitisi: Ugonjwa Umelala au Umeamka?

Vaskulaitisi ni kundi la magonjwa ambamo kuta za mishipa ya damu huvimba na kuharibika, mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili imegeuka kumshambulia mwenye mwili. Mshipa hujikunyata, huziba au hupasuka, na kiungo kilichoutegemea, kiwe figo, pafu, neva au jicho, hukosa damu. Dawa za kuutuliza ugonjwa, kuanzia prednisoloni hadi saiklofosfamaidi na rituksimabu, hudhoofisha kinga hiyohiyo. Kwa hiyo kila kliniki daktari hurudia swali lilelile: ugonjwa umeamka au umelala? Akipunguza dawa mapema mno, figo zinaweza kufa. Akizidisha, mgonjwa anaweza kuuawa na maambukizi. Damu ndiyo huulizwa kwanza, nayo hujibu nusu.

Kipimo kikongwe ni ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu kutua. Edmund Biernacki wa Poland alikieleza mwaka 1897, kisha Robin Fåhraeus na Alf Westergren wa Sweden wakakipa sura tunayoijua. Damu iliyochanganywa na sitrati ili isigande hutiwa katika mrija mwembamba, ukasimamishwa wima na kuachwa saa moja. Chembe nyekundu hushuka polepole, juu yake hubaki safu ya majimaji ya manjano, na mtaalamu wa maabara husoma urefu wa safu hiyo kwa milimita. Kukiwa na uvimbe mwilini, ini hutengeneza fibrinojeni kwa wingi. Protini hii huzifanya chembe zishikamane kama sarafu zilizopangwa juu kwa juu, na rundo hutua upesi kuliko chembe moja moja.

Hata hivyo, ESR hupandishwa na mengi: upungufu wa damu, ujauzito, uzee, kifua kikuu, VVU. Selimundu hufanya kinyume, kwa kuwa chembe zilizopinda kama mundu hazipangiki. Jambo hili lina uzito wa pekee pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako selimundu ni ya kawaida. Huko ESR ya chini kwa mgonjwa wa selimundu haimtoi mtu wasiwasi hata kidogo.

CRP, protini ya damu, ni nyepesi zaidi. William Tillett na Thomas Francis waliigundua New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huitoa likiamshwa na intalukini-6, protini ya ishara ya kinga. Hupanda ndani ya saa chache, na chanzo kikizimwa hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi, ilhali ESR huchukua siku nyingi kushuka. Ila haisemi moto umewashwa na nani. Mgonjwa wa vaskulaitisi anayetumia dawa za kushusha kinga akija na homa na CRP ya juu, huenda ugonjwa umerudi, huenda ni bakteria kifuani, na tiba ya jambo moja yaweza kudhuru penye jingine. Isitoshe, tosilizumabu, dawa inayotumika katika vaskulaitisi ya mishipa mikubwa, huziba njia ya intalukini-6. CRP hushuka karibu na sifuri hata kama mshipa bado unaungua, na ukimya huo usichukuliwe kuwa ushahidi wa kupona.

ANCA ni habari nyingine. Hizi ni kingamwili zinazoshika protini mbili za nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu), PR3 na MPO, na kuzichochea seli hizo kumwaga sumu zake kwenye kuta za mishipa midogo. Zilielezwa kwanza nchini Australia mwaka 1982, na mwaka 1985 watafiti wa Uholanzi na Denmark wakazihusisha na ugonjwa ambao leo huitwa granulomatosisi yenye poliangaitisi. Katika utambuzi zina thamani kubwa. Katika kufuatilia ugonjwa zinayumba: wapo ambao ANCA hupanda miezi kadhaa kabla ugonjwa haujarudi, na wapo wanaoishi nayo juu kwa miaka wakiwa wazima. Kupanda kwake kuna maana zaidi kwa mgonjwa ambaye figo zake zimewahi kuguswa. Nchini Ufaransa, utafiti wa MAINRITSAN2 uliochapishwa mwaka 2018 uligawa wagonjwa 162 katika makundi mawili: moja lilipewa rituksimabu kwa ratiba, jingine pale ANCA au seli B ziliporejea au kubadilika. Kundi la pili lilidungwa mara 248 dhidi ya 381, na tofauti ya ugonjwa kurudi haikufikia kiwango cha kuthibitishwa kitakwimu. Kwa maoni yangu, ANCA iliyopanda ni sababu ya kumwita mgonjwa karibu zaidi, na peke yake haitoshi kumwongezea dawa.

Kwa wenye aina ya vaskulaitisi inayoambatana na pumu, eosinofili, chembe nyeupe za aina nyingine, huhesabiwa pia, ingawa prednisoloni huzishusha haraka.

Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, hupanda figo zikiwa tayari zimeumia. Kabla ya hapo mkojo husema: chini ya hadubini huonekana chembe nyekundu zilizoganda pamoja zikiwa na umbo la mrija mdogo wa figo zilimotoka. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama, na inasikitisha kinaporukwa. Watafiti sasa wanaipima pia CD163 kwenye mkojo, protini inayodondoshwa na makrofeji, seli za kinga zilizovamia figo.

Katika ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908, ESR na CRP zaweza kuwa za kawaida huku ukuta wa aota ukiendelea kunenepa. Hapo daktari hutegemea picha za mishipa, hupima shinikizo la damu mikono yote miwili, kisha huweka vidole juu ya kifundo cha kila mkono, kwa kuwa mpigo waweza kuwa umetoweka upande mmoja.